Majitaka ya milimani yanahitaji hesabu ya milimani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wahandisi hulisema kwa sauti ya chini na wanaonunua mitambo hawalisemi kabisa, nalo ni usafishaji wa majitaka ya jumuiya ndogo zinazoishi mbali na miji, kwenye miinuko ya mita 3,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Kijiji cha namna hiyo kikipata fedha, mara nyingi hupelekewa kontena la chuma lenye mtambo uliobuniwa kwa ajili ya mji wa tambarare, pamoja na vipulizia hewa, pampu na kisanduku cha umeme chenye taa za rangi. Mtambo huzinduliwa kwa hotuba. Baada ya baridi ya mwaka wa pili au wa tatu huwa umezimwa, majitaka yanapitishwa pembeni yake moja kwa moja hadi kijitoni, na lawama zote zinamwangukia fundi wa kijiji kwamba hakuutunza. Nimeishi na kazi ya majitaka muda wa kutosha kuamini kwamba lawama hiyo imeelekezwa kusiko. Kosa lilitendeka mapema zaidi, mezani kwa mchoraji ambaye hakuuliza hewa ya huko ni nyepesi kiasi gani, maji yana joto kiasi gani, na barabara hufungwa kwa theluji miezi mingapi.

Nianze na hewa, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa kwanza. Njia inayotumiwa na mitambo mingi ya aina hii, ya kupuliza hewa ndani ya majitaka ili bakteria waule uchafu uliomo, ilielezwa na Ardern na Lockett mwaka 1914 huko Manchester, mji usio na mwinuko wa kumkatisha mtu pumzi. Katika mwinuko wa mita 4,000 kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni takriban asilimia 61 ya ile ya pwani. Maji safi yenye nyuzi joto 20, ambayo yakiwa pwani huweza kubeba miligramu 9.1 za oksijeni katika kila lita, huko juu hubeba kama 5.5 tu. Kwa kuwa ndani ya tangi inatakiwa ibaki oksijeni ya miligramu 2 hivi kwa lita ili bakteria wasikabwe, ile tofauti inayoisukuma oksijeni iingie majini inashuka kutoka 7.1 hadi 3.5, yaani nusu. Juu ya hilo, kila mita ya ujazo ya hewa inayovutwa na kipulizia ina oksijeni pungufu, hivyo mashine hulazimika kuvuta hewa mara 1.6 ili ipeleke kiasi kilekile. Mota za kawaida za umeme hupimwa kwa kazi ya hadi mita 1,000. Ukizipandisha zaidi, hewa nyepesi haizipozi sawasawa nazo huungua mapema. Jenereta ya kawaida ya dizeli nayo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopandishwa. Ukiyajumlisha haya utaona kwamba mtambo ulioandikiwa kuhudumia watu 500 hauhudumii watu 500 ukiwa kule juu, hata kama hakuna aliyeiba hata skrubu yake moja.

Najua yupo atakayenijibu kwamba maji ya milimani ni baridi, na maji baridi hubeba oksijeni zaidi. Ni kweli kabisa: maji ya nyuzi joto 5 katika mwinuko uleule wa mita 4,000 huweza kubeba karibu miligramu 7.8 kwa lita, jambo ambalo si haba. Tatizo ni kwamba oksijeni hiyo haina wa kuitumia. Kasi ya bakteria hupungua kwa takriban nusu kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, na wale wanaogeuza amonia kuwa naitreti, ambao hata kwenye joto ni wavivu, huzorota sana chini ya nyuzi 10 na hukaribia kusimama chini ya nyuzi 5. Kwa hiyo tangi lililotosha pwani linatakiwa liwe kubwa mara kadhaa mlimani, na tangi kubwa lina eneo kubwa la kupotezea joto. Hapo ndipo wabunifu wengine hufikia uamuzi wa kulipasha tangi joto kwa umeme, mahali ambapo nyumba zenyewe zinalala bila moto.

Tangi la septiki, ambalo watu hulikimbilia kama suluhisho la kimaskini lisilo na mashine, lina ugonjwa wake. Katika nchi za joto sehemu kubwa ya tope linalozama chini huliwa na bakteria wasiohitaji hewa na kugeuka gesi. Katika baridi kazi hiyo hupungua mno, tope linabaki jinsi lilivyo, na tangi hujaa haraka kuliko ilivyokadiriwa. Likishajaa linahitaji gari la kunyonya. Gari hilo lifike kwanza, na barabara iwe wazi, na hata likifika, halina nguvu zile ambazo dereva wake amezizoea. Uvutaji wa pampu hutegemea uzito wa hewa inayoyakandamiza maji kutoka juu: pwani hewa haiwezi kuyapandisha maji zaidi ya mita 10.3 hata pampu iwe kamilifu, na kwenye mita 4,000 kikomo hicho ni karibu mita 6.3. Ukiondoa uzito wa tope na hasara za mpira mrefu, gari lililoegeshwa juu ya kilima halitavuta kitu kutoka kwenye tangi lililoko bondeni. Sijawahi kuona hesabu hii fupi katika kabrasha la zabuni.

Biogesi nayo husifiwa sana, maana ni nani asiyependa kupikia uchafu wake mwenyewe? Lakini vijidudu vinavyotengeneza gesi hiyo hupenda joto la nyuzi 30 na zaidi, na chini ya nyuzi 10 karibu vinalala. Waliobuni mtambo wa biogesi kwa ajili ya Gorak Shep, kituo cha mwisho cha kulala wageni kabla ya kambi ya chini ya Mlima Everest upande wa Nepal, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 5,100, iliwabidi waingize katika ubunifu wao nishati ya jua ya kulipasha tangi joto. Siwapingi. Kwa mahali penye wageni wengi wanaolipa, pasipo mti hata mmoja, huenda hesabu ikakubali. Kwa kijiji cha wafugaji chenye nyumba 60 sioni atakayebadilisha betri.

Mabwawa ya majitaka ndiyo njia ninayoiheshimu zaidi kati ya zile za maji, kwa sababu hayana mashine na yanafanya kazi kwa jua, na jua la milimani ni kali: miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, nayo huwaua vijidudu wa maradhi. Ila mabwawa hudai ardhi. Kanuni ya Duncan Mara wa Chuo Kikuu cha Leeds, inayotumiwa na wabunifu wengi, hupima bwawa kwa joto la mwezi wa baridi kuliko yote. Mwezi huo ukiwa na wastani wa nyuzi 25, hekta moja huweza kupokea kilo 350 za mzigo wa uchafu kwa siku. Ukiwa na nyuzi 10 au chini, hekta ileile hupewa kilo 100 tu. Tukikadiria gramu 50 kwa mtu kwa siku, hekta iliyowatosha watu 7,000 inawatosha 2,000. Katika bonde lenye miteremko mikali, ambako kila kipande cha ardhi tambarare ndicho shamba la viazi au la shayiri, si rahisi kumwambia mkulima akiache kiwe bwawa. Bwawa likifunikwa na barafu mwanga haupenyi na mwani hautoi oksijeni, hivyo kazi inayofanyika chini yake ni ya kuhifadhi tu. Nchini Kanada jambo hilo limekubaliwa waziwazi: mabwawa hujengwa makubwa kiasi cha kuyatunza majitaka ya majira yote ya baridi, na maji hufunguliwa mara moja au mbili kwa mwaka baada ya jua kumaliza kazi yake. Penye ardhi, huo ni uamuzi wa busara kuliko mtambo wowote unaojigamba kufanya kazi mwaka mzima.

Hatari ya kulifanyia mzaha jambo hili inaonekana El Alto nchini Bolivia, jiji lililo juu ya mita 4,000, ambalo si jumuiya ndogo lakini lina hewa ileile na baridi ileile. Majitaka yake hushuka kwa Mto Katari hadi Ghuba ya Cohana katika Ziwa Titicaca, ambako uvuvi na malisho ya mifugo vimeumia. Maji ya baridi hayajisafishi upesi kama tunavyozoea kuona kwenye mito ya joto. Virusi na mayai ya minyoo huishi humo muda mrefu zaidi, na kijito cha mlimani hakina maji mengi ya kuuzimua uchafu. Anayekunywa hatua chache chini ya bomba la kijiji anakunywa karibu kile kilichotoka.

Sasa nifike kwenye hoja yangu yenyewe. Swali tunalojiuliza daima ni mtambo gani upelekwe, ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa kwa nini tuyachafue maji hayo hapo awali. Mtu mzima hutoa takriban lita 500 za mkojo na kilo 50 za kinyesi kwa mwaka. Mkojo ndio wenye karibu asilimia 80 ya naitrojeni, ambayo ndiyo hugeuka amonia, na kwa kawaida hauna maradhi mengi. Kinyesi ndicho chenye karibu vijidudu vyote vya hatari. Tukivitenga viwili hivi chooni, ile amonia ambayo bakteria wa milimani hawaiwezi haifiki kabisa kwenye majitaka, na yanayobaki, maji ya kuogea, ya kufulia na ya jikoni, ni mepesi kiasi kwamba kitanda kidogo cha kokoto kilichopandwa matete kinaweza kuyamudu. Mhandisi anayeanza kwa kuchanganya vyote katika lita 100 za maji safi kwa kila mtu, kisha akatafuta mashine ya kuvitenganisha kwenye nyuzi 5, amejitafutia kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Watu wa Ladakh, eneo la milimani kaskazini mwa India, walilijua hili bila kusomea popote. Katika bonde la Leh, kwenye mita 3,500, mvua haizidi sana milimita 100 kwa mwaka, na choo cha jadi ni cha ghorofa mbili: juu ni chumba chenye tundu na lundo la udongo na majivu pembeni, chini ni chumba kikavu kinachohifadhi kinyesi hadi kipelekwe mashambani kuwa mbolea. Hakigandi, hakina bomba la kupasuka, na hakitumii maji hata tone. Utalii ulipokua, nyumba za wageni zilianza kujenga vyoo vya kuvuta maji, na kila kimoja kikachimbiwa shimo au tangi katika udongo uleule unaotunza maji ya visima. Mwaka 2017 mji wa Leh ukapata kituo cha kutibu tope la vyoo hivyo, chenye vitanda vilivyopandwa matete na kinachofanya kazi kwa mteremko tu bila umeme. Nakisifu kituo hicho bila kinyongo. Hata hivyo nashindwa kujizuia kuona kwamba kinatibu ugonjwa ulioletwa na bomba, katika mji uliokuwa na tiba chini ya sakafu zake.

Sisemi kwamba choo kikavu ni cha jadi kwa hiyo ni salama. Mayai ya minyoo huvumilia baridi kwa muda mrefu sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kikavu kihifadhiwe mwaka mmoja na nusu hadi miwili pale joto lilipo kati ya nyuzi 2 na 20 kabla ya kutumiwa shambani, na kwa maoni yangu miezi ambayo lundo limeganda haifai kuhesabiwa hata kidogo. Hii ina maana ya kuwa na vyumba viwili vinavyotumika kwa zamu, kila kimoja kikubwa cha kutosha, na ukuta wa upande wa jua ukipakwa rangi nyeusi au kuwekwa kioo ili joto liingie. Huko El Alto, familia nyingi za pembezoni zilijengewa vyoo vya kutenganisha mkojo. Kinyesi kilikusanywa na kugeuzwa mboji kwa kutumia minyoo ya ardhini, mkojo ukahifadhiwa, na maji ya jikoni na bafuni yakapitishwa kwenye vitanda vya mimea. Kilichofanya kazi hiyo iwezekane ni ukusanyaji: mtu alipita nyumbani kwa watu akavichukua kinyesi na mkojo. Choo kikavu kisicho na mkusanyaji, au kisicho na shamba, hakitofautiani na tangi lisilo na gari.

Pingamizi kubwa nililokutana nalo si la kitaalamu. Watu huona choo cha maji kuwa ndiyo heshima, na hakuna mhandisi mwenye haki ya kuwaambia wanakijiji waridhike na kile ambacho yeye nyumbani kwake hakitumii. Wanaojisafisha kwa maji nao wana haki ya kutengewa mahali pa kutawadhia ambapo maji hayaingii chumba cha kinyesi; jambo hili huonekana dogo katika mchoro, lakini likisahauliwa choo kinanuka ndani ya wiki moja. Tena mara nyingi anayebeba majivu na kufagia ni mwanamke, wakati walioketi kwenye kikao cha uamuzi ni wanaume. Nakiri haya yote. Ninachopinga ni kuliita suala la heshima kisha kulijibu kwa kontena ambalo halitafanya kazi, kwa kuwa choo cha maji kinachomwaga kijitoni hakimpi heshima jirani anayeishi chini.

Pale ambapo jumuiya imeamua kuwa na mabomba, basi bado kuna namna ya kuifanya kazi hiyo kwa akili. Mtiririko mdogo unaochuruzika usiku kucha huganda ndani ya bomba. Maji yaleyale yakikusanywa kwenye chemba yenye sifoni, yaani bomba lililopinda linaloyavuta maji yote lenyewe chemba ikijaa, na kuachiwa kwa mkupuo, hupita yote na kuliacha bomba tupu, bila umeme wowote. Ufaransa wana vitanda vya matete vinavyopokea majitaka mabichi bila tangi la kutangulia, kwa takriban mita 2 za mraba kwa kila mtu: kitanda kimoja hulishwa siku tatu au nne, kisha hupumzishwa kwa muda maradufu, na tope linalobaki juu yake hukauka polepole, likaondolewa baada ya miaka 10 hivi. Miaka kumi. Kwa kijiji ambacho gari la kunyonya haliwezi kukifikia, tarakimu hiyo pekee ina uzito kuliko kijitabu chote cha muuza mitambo. Katika baridi vitanda hivyo huhitaji kuchimbiwa zaidi, mabomba ya kulishia yawe yanajikausha yenyewe, na majani makavu ya matete yasikatwe kabla ya baridi kwisha, kwa maana ndiyo blanketi lake.

Sikatai teknolojia ya juu pale inapostahili. Kibanda cha wapanda milima cha Monte Rosa huko Uswisi, kilicho kwenye mita 2,883 na kilichofunguliwa upya mwaka 2009, huchuja majitaka yake kwa mtambo wa kisasa na kuyatumia tena kusafishia vyoo. Kina umeme wake wa jua, kina klabu tajiri nyuma yake, na helikopta hufika. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na muuzaji atakuonyesha picha ya kibanda hicho kabla hujaketi; muulize tu kijiji chako kina helikopta ngapi.

Limebaki jambo la sheria. Nchi nyingi huandika kiwango kimoja cha maji yanayotoka mtamboni, kisha kukitumia kwa mji wa watu milioni na kwa kitongoji cha watu 200 kilichoganda. Matokeo yake ni kwamba mbunifu mwaminifu, anayejua kuwa amonia haitaondoka mwezi wa baridi, hawezi kupata kibali kwa kitanda cha matete, lakini mwenye kontena hupata, kwa kuwa karatasi yake inaahidi kila kitu. Umoja wa Ulaya, ambao hauwezi kusemwa kuwa haujali mito yake, uliandika katika kifungu cha 4 cha maagizo yake ya majitaka ya mwaka 1991 kwamba katika maeneo ya milima mirefu, zaidi ya mita 1,500, ambako baridi hufanya usafishaji wa kutumia bakteria uwe mgumu, usafishaji wa kiwango cha chini zaidi unaweza kuruhusiwa, mradi uchunguzi wa kina uonyeshe kwamba mazingira hayataathirika. Ruhusa ya wazi yenye sharti la uchunguzi ni bora kuliko sharti kali ambalo kila mtu anajua halitekelezwi. Ningependa kuona viwango vinavyouliza maji yanakwenda wapi: yakienda kwenye shamba la malisho majira ya joto, amonia ni mbolea na kinachopaswa kubanwa ni mayai ya minyoo na vijidudu, yakienda kwenye chemchemi ya kijiji kingine, yasiende kabisa.

Kwa wenye mamlaka ya kusaini mikataba nina ombi dogo lisilogharimu kitu. Mkataba wowote wa mtambo wa majitaka juu ya mita 3,000 useme kwamba sehemu ya mwisho ya malipo haitatolewa hadi mtambo uwe umepita majira mawili kamili ya baridi ukiwa mikononi mwa fundi wa kijiji, sampuli zikiwa zimechukuliwa katika mwezi wa baridi kuliko yote, na aliyezichukua asiwe yule aliyeujenga.

Wako,
Mhandisi mstaafu wa majitaka